Kubaki na green card au kula kiapo cha uraia wa Marekani?

Aliyekaa na green card, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani, miaka mitano, au mitatu akiwa anaishi kwenye ndoa na raia, anaruhusiwa kuomba uraia wa Marekani. Kuruhusiwa si kulazimika. Kadi husasishwa kila baada ya miaka kumi na mtu anaweza kuzeeka nayo. Kwa Mkenya uamuzi huwa hasa wa muda na ada. Kwa Mtanzania au Mkongomani ni habari nyingine, maana kiapo hicho kinamtoa kwenye uraia wa kwao. Juu ya hayo kuna mama aliyebaki nyumbani, mtoto anayekaribia miaka 21, na kaka ambaye kila akipiga simu anauliza lini utamfanyia makaratasi.

Tunazipima njia hizi mbili kwa mambo matano: ndugu unaoweza kuwaleta, uraia na ardhi ya kwenu, uhuru wa kukaa nje ya Marekani, hatari zilizojificha, kisha ada na mtihani. La kwanza tumelipa nafasi kubwa kwa sababu ndilo linalogusa maisha ya wengine, na ndilo linaloharibika kwa kukosea tarehe. Ada tunazotaja za USCIS, idara ya uhamiaji, ni zile zilizoanza Aprili 2024. Zihakiki kwenye tovuti yao siku unayotuma, kwani ombi lenye ada pungufu hurudishwa lote. Tangu mwishoni mwa Oktoba 2025 idara hiyo imeacha pia kupokea hundi na hawala kwa maombi ya karatasi. Unalipa kwa kadi au moja kwa moja kutoka akaunti ya benki.

Kabla ya yote, angalia nchi yako imesimama wapi kwenye amri za rais za kuzuia viza. Ile ya Juni 2025 iliigusa Burundi na Somalia. Ya Desemba 2025 iliiongeza Tanzania, na viza za uhamiaji ni miongoni mwa zilizozuiwa. Ombi la kumleta ndugu bado linapokelewa na tarehe yake ya foleni inahesabiwa, ila viza yenyewe inaweza kukwama mwishoni. Hata maombi ya walio ndani ya Marekani, ya uraia yakiwemo, yaliwekwa kando kwa watu wa nchi zilizotajwa. Mambo haya hubadilika ghafla, kwa hiyo soma hali ilivyo wiki ile unayotuma, si ilivyokuwa jirani yako alipoomba.

## Ndugu unaoweza kuwaleta

F1, F2A, F2B, F3 na F4 ni majina ya makundi ya viza za familia, kila moja na foleni yake.

| Ndugu | Ukiwa na green card | Ukiwa raia |
|---|---|---|
| Mke au mume | Kundi F2A, kuna foleni | Hakuna foleni |
| Mtoto chini ya miaka 21, hana ndoa | F2A, kuna foleni | Hakuna foleni |
| Mtoto wa miaka 21 na zaidi, hana ndoa | F2B, foleni ya miaka mingi | F1, foleni ya miaka mingi |
| Mtoto aliyeoa au kuolewa | Haiwezekani | F3, zaidi ya miaka kumi |
| Mama na baba | Haiwezekani | Hakuna foleni (wewe uwe na miaka 21) |
| Kaka na dada | Haiwezekani | F4, zaidi ya miaka 15 |

"Hakuna foleni" haina maana ya mwezi ujao. Ina maana kwamba idadi ya viza za kundi hilo haina kikomo cha mwaka. Kazi ya kuchambua fomu I-130, ile ya kumwombea ndugu, kupitisha faili kwenye kituo cha viza na kupanga mahojiano ubalozini bado inaweza kumaliza mwaka na ushee.

Ukilitazama jedwali peke yake, uraia unashinda karibu kila mstari. Utekelezaji wake ndio wenye mitego.

Mtego wa kwanza ni wa watoto waliobebwa ndani ya ombi la mama au baba yao. Mwenye green card akimfungulia mumewe I-130 moja, watoto wao wasiotimiza miaka 21 huingia humohumo bila fomu ya pili. Ombi la raia kwa mwenzi wake halibebi mtoto: kila mmoja anahitaji I-130 yake, na ada yake, dola 625 mtandaoni au 675 kwa karatasi. Sasa chukua mama mwenye green card ambaye Machi 2024 alimfungulia mume aliye Nakuru, akiwaorodhesha watoto wawili. Wa kwanza amezaliwa Desemba 2004. Mama akaapa Oktoba 2025. Siku hiyohiyo ombi la mume linatoka kwenye foleni, na watoto wanabaki nje bila ombi lolote. Wa pili ana muda. Wa kwanza ana wiki chache tu: I-130 yake ikipokelewa kabla hajatimiza 21, umri wake unagandishwa na anahesabika mtoto mdogo hadi mwisho. Ikipokelewa Januari 2026, ameangukia F1 na anasubiri miaka. Kinga yake ni rahisi: mfungulie kila mtoto ombi lake mapema, ungali na green card. Ukiapa, maombi hayo hugeuka yenyewe kuwa ya raia, na umri wa mtoto aliye chini ya 21 unagandishwa siku ya kiapo.

Kugeuka "yenyewe" nako kuna kazi. Kituo cha viza hakijui kwamba umeapa mpaka uwatumie nakala ya cheti cha uraia au ukurasa wa pasi mpya. Wapo wanaokaa mwaka wakisubiri F2A ifunguke ilhali tangu zamani hawakuwa tena kwenye foleni hiyo.

Mtoto aliyekwisha kuvuka 21 kwa tarehe ya kuzaliwa anaweza bado kuhesabiwa mdogo chini ya F2A, kwa sababu sheria humtolea siku ambazo I-130 ilikuwa ikichambuliwa. Kwa mtoto wa namna hiyo kiapo cha mzazi kinaweza kuvuruga hesabu, na mahakama zimeshaingilia kesi kama hizo. Usiape kabla wakili hajapiga hesabu hiyo kwa maandishi. Kwa mtu mzima aliye F2B mambo ni mepesi zaidi: mzazi akiapa anahamia F1, lakini ana haki ya kuandika barua ya kubaki F2B iwapo ndiyo inayokwenda haraka. Jedwali la viza la kila mwezi litakuonyesha ipi iko mbele.

Harusi ndiyo inayoua maombi mengi bila wenyewe kujua. Kijana aliye F2B akioa, ombi la mzazi mwenye green card linakufa siku ya ndoa, na kumpa talaka mke baadaye hakulifufui. Kwa mzazi raia ombi halifi, linashuka F3. Na ndoa ya kidini au ya kimila inayotambulika kisheria nchini ilikofungwa ni ndoa, kutosajili hakuifichi. Kama binti ana mchumba na mahari imeshapokewa, uraia wa mzazi uje kwanza, nikah baadaye.

Kwa wazazi, kumbuka kwamba ombi la mama halimbebi mdogo wako wa mwisho. Mama ataingia peke yake, apate kadi, kisha amfungulie kitinda mimba huyo kupitia F2A au F2B. Watu wengi husikia hili ubalozini, mtoto akiwa ameshapimwa afya na kushonewa nguo za safari.

Kuna kimoja kisichobadilika: hati ya udhamini, fomu I-864. Awe raia au mwenye kadi, mdhamini lazima aonyeshe kipato cha asilimia 125 ya kiwango cha umaskini; kwa viwango vya 2025, kaya ya watu wanne ilihitaji kama dola 40,187 kwa mwaka. Wahesabiwe wanaoingia pamoja na waliomo ndani. Na mzigo huo haufutwi na talaka.

## Uraia na ardhi ya kwenu

Hapa green card haina gharama yoyote. Unabaki na pasi yako, kura yako na shamba lako.

Kwa uraia, yote yanategemea umetoka wapi. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 16, inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua mwingine. Linalosahaulika ni kwamba sheria ya 2011 inakutaka utangaze uraia wa pili ndani ya miezi mitatu. Kukaa kimya ni kosa lenye faini ya hadi shilingi milioni tano au kifungo cha hadi miaka mitatu. Anayewazia siasa asome pia ibara ya 78, kwani ofisa wa dola (state officer) haruhusiwi kuwa na uraia pacha. Aliyeapa nje kabla ya Agosti 2010 aliupoteza uraia wa Kenya chini ya sheria ya zamani, na lazima aombe kuurudisha. Uganda, Rwanda na Burundi nazo zinaruhusu uraia wa nchi mbili, kila moja na taratibu zake.

Tanzania hairuhusu. Chini ya Sheria ya Uraia ya 1995, mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari anakoma kuwa raia, pasipo barua wala kikao. Kuendelea kusafiria pasi ya Tanzania baada ya hapo ni kosa, hata kama haijaisha muda. Katiba ya Kongo ya 2006 nayo inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haushirikiani na mwingine.

Kwa Mtanzania uchungu mkubwa huwa ardhi. Asiye raia hamilikishwi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji, kupitia utaratibu wa wawekezaji. Hadhi maalum iliyowekwa kwa wenye asili ya Tanzania inalegeza sehemu ya masharti haya ya kuingia, kuishi na ardhi, lakini si uraia: haitoi pasi wala kura. Kiwanja cha Kigamboni au shamba la urithi Moshi lipate ushauri wa wakili wa ardhi kabla ya kiapo, ungali na sifa ya kuandika chochote kwa jina lako. Baada ya hapo, hata likizo ya nyumbani ni ya mgeni: viza ya Mmarekani ni dola 100, na Zanzibar inamtoza kila mgeni bima ya lazima.

Mtoto naye aangaliwe. Mwenye green card aliye chini ya miaka 18, anayeishi Marekani chini ya malezi yako, anakuwa raia papo hapo unapoapa, utake usitake. Mtoto wa kambo hayumo. Sheria ya Tanzania inamvumilia na uraia wa pande mbili mpaka atimize 18, kisha lazima achague.

## Kukaa nje ya Marekani

Green card ni ruhusa ya kuishi Marekani, na maofisa wa uwanja wa ndege huichukulia hivyo. Safari iliyozidi siku 180 inakufanya uhojiwe kama anayeomba kuingia upya. Ukizidisha mwaka bila kibali cha kurejea, kadi peke yake haikurudishi. Kibali hicho huombwa kwa fomu I-131, dola 630, ukiwa bado ndani ya Marekani, na hudumu hadi miaka miwili. Mama uliyemleta kwa kadi kisha akarudi Tanga kulea wajukuu, akija kusalimia wiki mbili kila mwaka, hana kadi ya kudumu. Ana tatizo linalosubiri ofisa mwenye muda wa kuuliza.

Raia anakaa anakotaka, miaka anayotaka. Anachobeba ni kodi: Marekani inamtaka raia atoe taarifa ya kipato chake cha dunia nzima hata akihamia Lamu moja kwa moja, na akaunti za nje zikifikisha pamoja zaidi ya dola 10,000 siku yoyote ya mwaka azitaje. Mwenye green card ana wajibu huohuo, ila anaweza kuumaliza kwa kuirudisha kadi kwa fomu I-407. Ikiwa ameishika katika miaka minane kati ya 15 iliyopita, amwone mhasibu kwanza, kwani kuna kodi ya kuondoka.

Safari zinahesabika pia kwa anayetaka kuomba uraia. Anahitaji miezi 30 ya kuwa ndani kimwili katika ile miaka mitano (18 katika mitatu kwa wa ndoa), na safari moja ya mwaka mzima huvunja hesabu ya ukaaji mfululizo. Toa pasi zote, za zamani pia, uandike kila muhuri kabla ya kugusa fomu.

## Hatari zilizojificha

Mwenye green card anaweza kufukuzwa nchini kwa makosa ya jinai ambayo raia angelipia faini tu. Hilo ndilo linalowasukuma wengi kuapa, na wana haki.

Lakini kuomba uraia ni kulifungua faili zima upya, tangu fomu ya kwanza uliyojaza. Ofisa ataweka mezani kile ulichosema kambini Nyarugusu au Kakuma na kukilinganisha na N-400, fomu ya kuomba uraia. Mpwa aliyeandikwa kama mtoto, ndoa iliyoachwa bila kutajwa, mtoto aliyesahaulika: vilivyolala miaka kumi vinaamka. Majina nayo yana usumbufu wake. Mtu anayeitwa jina lake, la baba na la babu huandikwa kwa mpangilio mmoja kwenye cheti, mwingine kwenye pasi, na tarehe ya kuzaliwa ikawa 1 Januari kwa sababu karani hakuwa na nyingine. Tofauti ya maandishi inaelezeka kwa kiapo cha maandishi na vyeti vya zamani: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rekodi ya shule. Uongo hauelezeki hivyo.

Mambo mawili yanawanasa watu wetu hasa. Mwenye wake wawili kwa wakati mmoja ndani ya kipindi kinachoangaliwa anakosa sifa ya maadili mema, hata kama ndoa zote ni halali kwa dini na kwa sheria ya kwao. Na aliyejiandikisha kupiga kura akiwa na green card, mara nyingi kwa kutia tiki kisanduku kwenye dawati la leseni ya udereva, ana kosa linaloweza kumtoa nchini. Huyo asitume N-400 bila wakili. Kubaki na kadi kwake kunaweza kuwa salama kuliko kuomba.

## Ada na mtihani

Kusasisha kadi kwa I-90 ni dola 415 mtandaoni, mara moja kwa miaka kumi, bila mtihani. N-400 ni dola 710 mtandaoni au 760 kwa karatasi, mara moja maishani. Mwenye kipato kidogo anaweza kulipa 380 au kuomba msamaha. Pasi ya kwanza ya mtu mzima inaongeza 165. Kadi ikikaribia kuisha, usilipe mara mbili: risiti ya N-400 huirefusha miezi 24.

Mtihani kwa walioomba kuanzia 20 Oktoba 2025 una maswali 20 kutoka orodha ya 128, na kufaulu ni 12. Aliyetimiza miaka 50 na kuishi na green card 20, au 55 na 15, anasamehewa Kiingereza na kujibu kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Wa miaka 65 aliyekaa 20 anapewa orodha fupi ya maswali 20, anaulizwa kumi. Wazee wengi hukata tamaa kwa kuogopa Kiingereza kumbe walishasamehewa.

Siku ya kiapo unarudisha green card, na cheti cha uraia kinakwenda pamoja na maombi ya pasi. Kati ya hapo huna cha kusafiria, basi usikate tiketi ya Nairobi kwa wiki hiyo.

## Kwa hali yako

Mkenya, Mganda au Mnyarwanda mwenye mzazi au mtoto wa kuleta. Uraia una hoja nyingi kuliko kadi. Tuma N-400 siku 90 kabla ya kutimiza muda, sheria inaruhusu. Fungua I-130 ya kila mtoto kabla ya kuapa.

Mtanzania au Mkongomani ambaye mwenzi na watoto wako naye tayari Marekani. Kadi inatosha, na inakuachia mlango wa nyumbani wazi. Sasisha kwa wakati, kaa mbali na makosa, usikae nje kupita zile siku 180.

Mtanzania mwenye mama mgonjwa na hakuna mwingine wa kumtunza. Kwa kadi hawezi kumleta mama kamwe, na kwa sasa hata uraia unaweza kugongana na zuio la viza. Huyu afikirie pia kumhudumia mama alipo, kwa kibali cha kurejea cha miaka miwili.

Ndugu wawili, mmoja tayari kuapa. Mmoja aape, amfungulie mama. Mwingine abaki na uraia wa kwao na ardhi ya familia. Familia nyingi za Kitanzania zimegawana hivi, na haidai kila mtu atoe kitu kilekile.

Mwenye kadi ya masharti ya miaka miwili. Swali la uraia lisubiri. Kwanza fomu I-751, ya kuondoa masharti hayo, ndani ya siku 90 kabla kadi haijaisha.

Aliyeingia kama mkimbizi. Miaka mitano yako inahesabiwa tangu siku uliyoingia, si siku ya kupata kadi. Tazama tarehe iliyoandikwa juu yake. Malipo ya SSI, msaada wa fedha wa serikali, kwa mkimbizi mzee au mlemavu yana kikomo cha miaka saba, na uraia ndio unaoyaendeleza, hivyo kwa bibi wa miaka 70 kuchelewa kuna bei. Ila kama kuna lolote kwenye faili lisilolingana, omba kwanza nakala ya faili lako USCIS, kupitia tovuti yao, bila malipo. Lisome lote pamoja na wakili, ndipo uamue kama N-400 itumwe.